Chupa Kumi na Mbili za Daktari wa Meno

Mjomba wangu hajawahi kuonja pombe maishani mwake, na nalisema hili mapema nisije nikaulizwa baadaye. Hata dawa ya kikohozi, akiambiwa ina spiriti ndani, anaifunga na kuirudisha kabatini. Lakini mtu huyohuyo ametumia miaka thelathini na miwili ya uhai wake kutunza mvinyo. Ukimwuliza inakuwaje, anakujibu kwamba mlinzi wa hospitali naye si lazima awe mgonjwa.

Jina lake halisi walilijua watu wachache. Mtaani kwetu na kazini kwake aliitwa Bwana Funguo, kwa sababu ya shada la funguo lililoning'inia kiunoni mwake, likimtangaza kabla hajafika. Alikuwa msimamizi wa nyumba ya daktari mmoja wa meno. Yeye ndiye aliyefunga madirisha mvua ikinyesha, aliyegombana na mafundi bomba, aliyejua swichi ipi huzima taa ipi. Lakini kazi aliyoipenda ilikuwa moja tu. Chini ya ngazi za nyumba ile kulikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha, na ndani yake rafu ya mbao, na juu ya rafu chupa kumi na mbili za mvinyo mwekundu. Daktari alizinunua mwaka aliozaliwa binti yake wa pekee. Zote zilitoka shamba moja, mavuno ya mwaka uleule, na kila moja ilifungwa shingoni kwa nta nyekundu.

Mvinyo wa namna ile, alielezwa Mjomba, hauharakishwi. Unawekwa gizani uzeeke, na ukizeeka vizuri watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuutafuta. Siku ya kwanza ya kazi Daktari alimkabidhi ufunguo wa chumba akamwambia, "Zitunze hizi kama mboni ya jicho lako. Binti akimaliza chuo tutazifungua."

Mjomba akazitunza. Nyie hamumjui mjomba wangu. Mtu huyu hupanga soksi zake kwa umri. Kila tarehe mosi ya mwezi alishuka chini na tochi, rula na daftari, akapima urefu wa mvinyo ndani ya kila chupa kuanzia kitako, akaandika kwa penseli iliyochongwa vizuri: chupa ya saba, imeshuka nusu milimita, chupa ya tisa, vilevile. Na ili asizitikise kwa kuziinuainua, alizipanga wima, lebo mbele, zimesimama kama askari wa gwaride. Niliwahi kumwuliza, nikiwa bado msichana wa shule, kwa nini asizilaze kama nilivyoona kwenye picha za magazeti.

"Ikilala utaipimaje?" akanijibu, akinitazama kama nimeuliza kwa nini watu huvaa viatu.

Sasa niwaambie kilichokuwa kinamkosesha usingizi. Mjomba aliishia darasa la nne. Hana cheti cha shule, hana cha ufundi, hata cha kuzaliwa alikipata ukubwani kwa kuapa mbele ya wakili. Na lile shamba lililotengeneza mvinyo wa Daktari lina utaratibu wake. Kila mwaka humtuma mkaguzi kwenye miji mbalimbali kuzikagua chupa zao za zamani. Anazifungua, anaonja tone, anajazia kilichopungua, anapiga kizibo kipya kwa sababu cha zamani kimechoka. Mvinyo ukiwa mzima, anaandika cheti chenye muhuri, na kwenye cheti hicho kuna mstari mmoja usemao: Umetunzwa na. Hapo linaandikwa jina la mtu.

Mjomba aliliona tangazo la ukaguzi huo gazetini miaka kumi na moja iliyopita, akalikata kwa mkasi. Tangu hapo, kila mwaka likitoka alilikata na kumpelekea Daktari mezani. Na kila mwaka Daktari alilisoma, akalikunja, akasema, "Mwakani, Bwana Funguo. Mwakani."

Mwakani ikawa wimbo. Mimi nilimchukia Daktari kwa neno lile. Nilisema waziwazi, jikoni kwa mama yangu, kwamba wakubwa ndivyo walivyo, mtu anakufanyia kazi mpaka mgongo unapinda na wewe unamnyima hata kipande cha karatasi. Nilisema mengi. Mdomo wangu ni huu huu mnaousikia, na maneno yale yote imenibidi niyameze baadaye, moja baada ya jingine.

Daktari alifariki usingizini, mzee wa miaka themanini. Miezi mitatu baada ya msiba, tangazo likatoka tena. Safari hii Mjomba alimpelekea binti wa marehemu, ambaye sasa ni mhandisi, mwanamke wa miaka thelathini na miwili asiyependa maneno mengi. Chupa zilikuwa zake kwa wosia. Akasoma, akainua mabega. "Sawa tu, Baba Funguo. Kama ni bure, twende."

Siku ya ukaguzi gari liliendeshwa na mimi. Nina saluni ya nywele, na saluni nilikuwa nimeifunga kwa ajili ya jambo hili, nikazifunga chupa moja moja kwa mataulo ya wateja na kuzipanga kwenye masanduku mawili. Mjomba alikaa kiti cha nyuma katikati ya masanduku, mkono mmoja huku na mwingine kule.

"Ukipiga breki, piga kwa adabu," alinionya.

"Mjomba, naendesha gari mwaka wa tisa huu."

"Ulikuwa unabeba watu. Leo umebeba vitu."

Alikuwa amevaa koti lake la harusi na miwani yake ya fremu nyeusi. Magotini alipakata mfuko wa plastiki, nikajua mna madaftari yake yote. Na chini ya miguu yake palikuwa na kitu bapa kilichozungushiwa gazeti. Sikuuliza. Kona moja ya gazeti ilikuwa imechanika, nikaona fremu ya picha, mpya, ina kioo, haina kitu ndani.

Ukaguzi ulifanyika kwenye ukumbi wa mikutano wa hoteli moja. Meza ndefu yenye kitambaa cheupe, taa kali, beseni, na nyuma ya meza mama mfupi wa makamo aliyevaa aproni nyeusi, mikono yake mipana kama ya fundi seremala. Huyo ndiye mkaguzi. Binti wa Daktari alikuwa ameshafika, amekaa mstari wa mbele akitazama simu yake. Mjomba alizitoa chupa kwenye mataulo, akazipanga mezani kwa namba, ya kwanza mpaka ya kumi na mbili, kisha akarudi nyuma hatua mbili akasimama, mikono nyuma.

Mkaguzi alichukua ya kwanza. Akaikwangua nta kwa kisu kidogo, akaingiza vyuma viwili vyembamba pembeni mwa kizibo, akazungusha, kizibo kikatoka chote bila kukatika. Akakigeuza kwenye mwanga. Akakigeuza tena. Akamimina tone kwenye glasi, akanusa, akaonja, akatema kwenye beseni. Akachukua ya pili. Ya tatu. Vizibo alivipanga mbele yake kimojakimoja, na kila alipoongeza kingine paji la uso wake lilizidi kukunjamana.

"Mvinyo huu ni mzima," alisema mwishowe, na mimi nikasikia Mjomba akishusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu asubuhi. "Ni wetu, tena ni mzuri. Lakini hauna miaka thelathini na miwili. Huu hata kumi na tano haujafika."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimtazama Mjomba nikidhani atacheka, maana lilikuwa jambo la kuchekwa, lakini uso wake ulikuwa umesimama tu.

"Samahani, mama," alisema. "Labda umechanganya glasi."

"Sijachanganya, mzee wangu. Tazama vizibo. Vyetu vya mwaka ule vimechapwa mwaka ubavuni. Hivi havina chapa yoyote, ni vile vinavyouzwa dukani. Chupa ni zetu, lebo ni zetu. Kilichomo ndani kimebadilishwa, kikazibwa upya."

Aliendelea kufungua. Ya nne, ya tano, mpaka ya kumi na moja. Yote yaleyale. Mimi nimeshaona mambo, nimeshaona bibi harusi akikimbia saluni akiwa na rola kichwani, lakini sijawahi kuona kitu kama uso wa mjomba wangu kwa zile dakika kumi. Damu yote ilikuwa imekauka usoni. Miaka thelathini na miwili ya tarehe mosi, na alikuwa analinda kitu ambacho hakikuwepo.

Binti wa Daktari aliiweka simu chini. Akasimama polepole.

"Chumba kile kina funguo ngapi?" aliuliza.

"Mmoja," alijibu Mjomba.

"Na ufunguo huo unakaa wapi?"

Mjomba aliugusa. Hakuhitaji kujibu, ulikuwa kiunoni mwake, na jina lake lenyewe lilikuwa limeshamjibia.

"Baba alikuwa anasema hata yeye akitaka kuingia mle anakuomba ruhusa," binti aliendelea. "Baba Funguo, wewe umenibeba mgongoni. Nani kanywa mvinyo wangu?"

Hapo nikapanda mori. Nilimwambia mjomba wangu hajui hata ladha ya bia, nikamwambia aende akaulize mtaa mzima, nikamwambia na mengine ambayo si ya kuandika. Mjomba aliinua kiganja kuninyamazisha. Akalifungua shada la funguo kutoka kwenye mkanda wake, akaliweka mezani kando ya vile vizibo. Sijawahi kumwona bila funguo zile. Alionekana amepungua kilo.

"Nina daftari," alisema.

Akatoa daftari la kijani kwenye mfuko wa plastiki, akalipekua, akalifikisha kwenye ukurasa mmoja na kumgeuzia mkaguzi. Miaka kumi na moja nyuma. Namba zilizoandikwa kwa penseli, zimekatwa kwa mstari, na pembeni yake neno moja kwa herufi kubwa: MACHO.

Akaeleza, huku akimtazama mkaguzi tu, kwamba mwaka ule alilazwa hospitali wiki mbili, akapasuliwa ngiri. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho funguo kutoka kiunoni mwake. Alimwachia Daktari mwenyewe, mkononi. Aliporudi alikuta chupa zimelazwa kwenye rafu. Daktari alimwambia, "Zimesimama miaka ishirini na moja, Bwana Funguo. Hata askari hupumzika." Wakacheka. Lakini tarehe mosi ilipofika, akaziinua moja moja kuzipima, akaona jambo lililomtoa jasho. Mvinyo ulikuwa umepanda.

"Mvinyo haupandi, mzee wangu," alisema mkaguzi.

"Najua haupandi. Ndiyo maana nilizikata namba. Nikasema ni macho yangu yameharibika. Nilimwendea Daktari nikamwambia, mimi sifai tena, tafuta mtu mwingine. Akaniketisha sebuleni, akanipa gazeti nisome, akaniziba jicho hili, akaniziba hili. Akasema kweli, macho yamechoka. Baada ya siku tatu akaniletea miwani hii."

Nilikumbuka siku ile. Alikuja nyumbani na miwani mpya, anatembea kama bwana mkubwa, na mimi nikamtania kwamba daktari wa meno anayepima macho kesho atapasua moyo. Familia nzima tulicheka.

"Na rangi ya nta?" mkaguzi aliuliza. Alikuwa ameokota kipande kilichodondoka alipokwangua. "Yetu ni nyekundu iliyokolea. Hii inaelekea pinki. Hukuona?"

"Niliona. Nikamwuliza. Akasema miwani mpya hubadili rangi kidogo mpaka uizoee."

Binti wa Daktari alinyoosha mkono akakichukua kile kipande cha nta. Akakiminya kati ya kidole gumba na cha shahada. Akakipeleka puani. Nilimwona kabla hajasema, nilimwona macho yakimtoka.

"Hii ni nta ya meno," alisema. "Ya kuchukulia vipimo vya meno ya bandia. Nilikuwa naifinyanga wanyama chini ya meza yake, kliniki, nikiwa mdogo. Harufu hii ninaijua."

Mimi nilishika ukingo wa kiti. Daktari! Mzee yule wa suti za kijivu, aliyesalimia hata paka wa jirani, ameshuka chini ya ngazi na kufungua chupa zake mwenyewe, akazijaza upya, akazipaka nta ya meno ya bandia, kisha akamwambia mtumishi wake kwamba macho yake ndiyo mabovu!

"Baba alikunywa zawadi yangu," binti alisema, akikaa chini kwa kishindo. "Akamsingizia mtu mzima upofu."

"Daktari si mwizi," Mjomba alisema palepale. Mtu ametoka kuitwa mwizi sasa hivi, anamtetea aliyemponza. Nilitaka kumtikisa. Jina lake lilikuwa limesafika, tulikuwa na kila sababu ya kuchukua mataulo yetu na kuondoka kichwa juu.

Lakini mkaguzi alikuwa bado ameinamia daftari. "Macho yako yalikosea chupa kumi na moja," alisema taratibu, "yakapatia moja? Ya kumi na mbili haikupanda."

Wote tukaitazama chupa ya mwisho. Nta yake ilikuwa nyekundu iliyokolea. Sijui kwa nini Daktari aliiacha. Labda alichoka, labda vizibo vilimwishia. Mkaguzi aliikwangua, akaingiza vile vyuma, na kizibo kikavunjika vipande vipande kama ganda la mkate wa juzi. Harufu ilitupiga hata kabla hajamimina. Siki. Siki kali ya kutoa machozi.

Alikikusanya kile kizibo kiganjani. "Chupa hizi zilikaaje, kabla hazijalazwa?"

Hapo nilielewa. Sikuelewa yote, lakini nilielewa swali lilipokuwa linaelekea. Nilimkanyaga Mjomba mguu. "Twende," nilimnong'oneza. "Mjomba, imetosha, twende zetu."

"Zilisimama," Mjomba alijibu. "Miaka ishirini na moja. Nilizisimamisha mwenyewe, ili nizipime."

Mkaguzi aliviweka vile vipande mezani polepole. Nadhani alikuwa anatafuta namna. "Mvinyo unalazwa ili uguse kizibo," alisema. "Kizibo kikibaki na unyevu, kinabana. Chupa ikisimama miaka mingi, kizibo kinakauka, kinasinyaa, hewa inaingia. Kule kushuka ulikokuwa unakuandika kila mwezi ndiko mvinyo ulikokuwa unakufa. Umekuandika vizuri sana, mzee wangu. Sijaona daftari kama hili."

Nataka niseme nilimkumbatia, lakini sikufanya hivyo. Nilibaki mdomo wazi kama mjinga. Kazi yote ile, rula, tochi, penseli, mtu anashuka ngazi akiwa na homa asikose tarehe mosi, na kule kutunza ndiko kulikouua mvinyo ule.

Binti ndiye aliyesema kwanza. "Nilipomaliza chuo," alisema, kama anaongea peke yake, "Baba aliniahidi mvinyo wangu. Wageni wakaja. Akasimama akasema bado haujaiva, tuuache. Akafungua mwingine. Nilimkasirikia mwezi mzima." Akamgeukia Mjomba. "Wewe ulikuwa hospitali."

"Nilikuwa hospitali," Mjomba aliitikia. Naye akaanza kuunganisha, polepole, kwa sauti. "Alishuka kuchagua ya sherehe. Akaonja kwanza, Daktari hawezi kumpa mgeni kitu hajakionja. Akakuta siki. Akafungua nyingine, siki. Akauliza watu, akaambiwa ni kwa sababu zilisimama." Akaligusa daftari lake. "Angenifukuza tu. Ilikuwa haki yake. Au angeniambia. Kwa nini hakuniambia?"

Tulijua wote, na yeye alijua. Ile mwakani, mwakani, ya miaka kumi na moja, niliyoitukana jikoni kwa mama yangu, sasa niliisikia upya, na nilitamani ardhi ipasuke.

Mjomba alisogea mezani. "Naomba glasi."

"Mjomba, wewe huonji pombe."

"Hii si pombe tena, mwanangu. Hii watu wanatilia kwenye kachumbari."

Akamimina ile ya kumi na mbili mwenyewe, akainywa glasi yote. Uso ukajikunja, machozi yakamtoka, akakohoa. Akavua miwani kujifuta, vidole vikateleza, ikaanguka sakafuni na mkono mmoja wa miwani ukalegea. "Kumbe hii ndiyo kazi yangu," alisema. Kisha akamwambia binti, "Unisamehe. Zilikuwa zako."

Binti wa Daktari alikuwa analia, yule yule asiyependa maneno mengi. "Nisamehe wewe, Baba Funguo. Nimekuita mwizi mbele ya watu." Akalichukua lile shada la funguo mezani, akapiga magoti, akalifunga kwenye mkanda wa Mjomba kwa mikono yake. Ilimchukua muda, kibanio kile kina ukaidi wake. "Tarehe mosi ni Jumatano," alimwambia.

Cheti hakikuandikwa. Mkaguzi alizifunga zile kumi na moja kwa vizibo vitupu, bila muhuri, maana ndivyo sheria yao ilivyo, na alipotaka kuimwaga ya mwisho kwenye beseni Mjomba alimzuia. Aliiomba. Ikafungwa nayo, binti akampa, akarudi nayo nyumbani akiwa ameipakata. Ile fremu ilibaki kwenye gari langu, na mpaka leo sijui niiweke wapi. Wiki hiyohiyo binti aliikuta mashine ndogo ya mkono ya kuzibia chupa, nyuma ya kiti kikuukuu cha kliniki, imefunikwa kwa aproni ya Daktari.

Jumatatu nilimpeleka Mjomba kwa fundi miwani ukakazwe ule mkono wa miwani uliolegea. Duka dogo, kijana mpole, kioo ukutani. Aliipokea miwani, akaipangusa, akaiweka kwenye kimashine chake cha kupimia lenzi. Akaitoa. Akaiweka tena.

"Mama, hii miwani nani aliwaandikia?"

"Kwa nini?"

"Haina kipimo. Ni kioo kitupu, kama cha dirisha."

Miaka kumi na moja mjomba wangu haendi hata msalani bila miwani ile. Fundi alimketisha, akampima, akasema macho ya mzee ni mazima ajabu kwa umri wake, ya kusomea tu ndiyo yameanza kuchoka sasa hivi. Akauliza kama atoe vile vioo aweke lenzi za kweli, ni kazi ya dakika ishirini.

Mjomba aliishika miwani mikononi. Aliitazama muda mrefu, akaigeuza huku na huku, kama mkaguzi alivyokigeuza kile kizibo. Nilidhani ataivunja. Ningekuwa mimi ningeivunja, na baadaye ningelia.

"Kaza skrubu tu," alisema, akimrudishia. "Hii niliandikiwa na Daktari."